Bandari Mbili za Mombasa

Msomaji, ukitaka kuifahamu Mombasa ya zama za ukoloni, yakupasa kujua kwanza kwamba kisiwa kile kilikuwa na bandari mbili, nazo zilipeana mgongo. Upande wa mashariki, karibu na Ngome ya Yesu, ilikuwapo bandari ya kale, bandari ya majahazi. Upande wa magharibi ni Kilindini, na jina lenyewe lakuambia kuwa hapo pana maji ya kina kirefu.

Bandari ya kale iliendeshwa na pepo. Kaskazi ilipovuma, majahazi yaliingia kutoka Arabuni, Ghuba ya Uajemi na Bara Hindi, yamesheheni tende, chumvi, samaki wakavu na mazulia. Kusi ilipoanza, yapata mwezi wa Aprili, yalirejea na boriti za mikoko, maana huko kwao miti ya kuezekea nyumba ilikuwa adimu. Kati ya pepo hizo mbili nahodha hakuwa mpita njia. Alikaa, akauza, akakopesha na kukopa, na pengine akaoa. Dalali alimtafutia wanunuzi. Na muuza kahawa, dele mkononi na vikombe vikilia, nadhani alizijua bei kabla ya karani wa forodha. Aliyevunja ahadi msimu huu alijua kwamba mwakani atakutana na mdai wake pale pale pwani.

Reli ndiyo iliyoyageuza mambo. Ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Ziwa Victoria mwaka 1901. Hapo kwanza meli kubwa zilitia nanga mbali na nchi kavu, na shehena ililetwa kwa matishari. Mwaka 1926 magati ya kwanza ya maji marefu yalifunguliwa Kilindini, na fedha ikauhama upande wa mashariki.

Lakini, msomaji, robota la pamba ya Uganda halina miguu. Lilipanda melini kwa mabega ya makuli: Wamijikenda, watu wa bara, na Washihiri waliotoka Hadhramaut. Wengi wao walikuwa vibarua wa siku. Meli ikija, kuna kazi. Isipokuja, hakuna chakula. Walipanga vyumba Majengo, katika nyumba za udongo na makuti, ambazo mara nyingi mwenyewe alimiliki kuta tu, na ardhi aliilipia kodi kwa mwingine. Hebu piga hesabu: mtu apataye ujira siku moja na kuukosa siku mbili, atailipaje kodi ya mwezi?

Baada ya Vita Kuu ya Pili bei za vitu zilipanda, na mshahara haukuzifuata. Tarehe 13 Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 waligoma, si makuli peke yao, bali watu wa reli pia, na wapishi na maboi wa majumbani. Kila siku walikutana katika uwanja waliouita Kiembeni. Mgomo ulidumu siku 12 hivi. Serikali iliunda baraza la kuamua madai yao, na mishahara ikaongezwa. Chege Kibachia, kiongozi wa chama chao, alikamatwa mwezi wa Agosti mwaka ule ule, akapelekwa Kabarnet, mahali ambapo honi ya meli haisikiki.