Asali ya Timon na kaptula la Kezilahabi

Karne ya tatu kabla ya Kristo aliishi Ugiriki mtu mwenye jicho moja, Timon wa Phlius, aliyekuwa mcheza ngoma kabla ya kugeukia falsafa. Mwalimu wake, Pyrrho wa Elis, aliwahi kufuatana na jeshi la Alexander hadi India, na alifundisha kwamba kila hoja ina mwenzake wa kuipinga, basi heri mtu azuie hukumu yake. Pyrrho hakuacha maandishi ya falsafa yake. Mwanafunzi ndiye aliyeshika kalamu, akatunga vitabu vitatu vya mashairi viitwavyo Silloi. Humo wanafalsafa wakubwa wanapita mmoja baada ya mwingine wakichekwa kwa mizani ileile aliyoitumia Homer kusifia mashujaa. Wasomi waliolishwa na mfalme kule Alexandria aliwafananisha na ndege wa kufugwa wanaogombana tunduni. Ni rahisi kuiona kejeli hiyo kuwa chumvi tu iliyonyunyiziwa juu ya falsafa. Mimi nasema ndiyo falsafa yenyewe. Mtu akiandika risala ndefu kuthibitisha kwamba hakuna ajuaye, tayari amejifanya mjuzi. Anayekejeli huvuta kigoda cha mwenziwe bila kujiwekea chake.

Ushahidi wa hoja hii uko pia katika Kiswahili, karibu na sisi kuliko Ugiriki. Mwandishi wa Tanzania Euphrase Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 katika kisiwa cha Ukerewe, ndani ya Ziwa Victoria, akasoma seminari, kisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika ya 1971, ilipigwa marufuku shuleni kwa muda. Mwaka 1974 alitoa Kichomi, diwani ya mashairi yasiyofuata vina na mizani, na ugomvi ukazuka: watetezi wa utenzi na shairi la kimapokeo walisema hayo si mashairi hata kidogo. Lakini tazama alichokuwa akifanya. Mshairi anayetilia shaka mafundisho ya wakubwa hawezi kuyatilia shaka huku akiinamia kanuni za wakubwa haohao bila kuziuliza. Shaka yake ilianzia kwenye umbo la ubeti.

Kejeli yake kali kuliko zote, kwa maoni yangu, ni tamthilia ya Kaptula la Marx, aliyoiandika mwishoni mwa miaka ya 1970, wakati wa siasa ya Ujamaa. Jina lake lenyewe linatosha somo zima. Hakusema kaptula ya Marx, alisema kaptula la Marx. Kwa kiungo hicho kimoja vazi limevimba, limekuwa pana kupita kiuno cha anayelivaa, na msomaji wa Kiswahili anaona mara moja viongozi wakilishikilia kwa mikono miwili lisidondoke. Ukurasa mzima wa hoja kuhusu itikadi ya kuazima usingesema zaidi ya herufi hiyo ya l. Na mwandishi hakutangaza itikadi nyingine mahali pake. Tamthilia hiyo ilichapishwa mwaka 1999, miaka takriban 20 baada ya kuandikwa.

Mtu atapinga: Kezilahabi alisoma wanafalsafa wa Ulaya wa karne ya 20, wale waliozungumzia upweke wa binadamu na ubatili wa maisha, hana undugu na Timon. Ni kweli kwamba Kazimoto, mhusika mkuu wa riwaya yake ya Kichwamaji, anaishia kujiua, ilhali Pyrrho aliitafuta shaka kwa ajili ya utulivu wa moyo. Tofauti hiyo ni kubwa na siifichi. Ila undugu ninaoutetea ni wa njia. Katika tasnifu yake ya udaktari, aliyoiandika Marekani katika Chuo Kikuu cha Wisconsin mwaka 1985, Kezilahabi alihoji ile desturi ya kuisoma fasihi ya Afrika kwa miwani ya nadharia za kigeni. Hata wale wanafalsafa wa Ulaya aliowasoma hakuwafanya miungu.

Pingamizi zito zaidi ni la kwetu. Huku Katoyi, katika komini ya Karisimbi mjini Goma, ambako ardhi ni mawe meusi ya volkano na mlima Nyiragongo uko juu ya vichwa vyetu, nani anaweza kumudu shaka? Asiye na hakika hatabaki ameketi mpaka moto umfikie? Timon alilijibu hilo katika maandishi yake ya nathari. Kwamba asali ni tamu, hakudai. Kwamba inaonekana tamu, alikubali. Alisema pia kwamba hakutoka nje ya desturi za watu. Maana yake mwanashaka hula asali, na hukimbia moto, kwa sababu anafuata linalomdhihirikia bila kungoja lithibitishwe.

Mji wa Goma uliliishi jambo hilo mwezi wa tano mwaka 2021. Tarehe 22 mlima ulitapika, na lava ikasimama Buhene, ukingoni mwa mji. Siku zilizofuata ardhi ilitikisika mfululizo, kuta zikapasuka, na tarehe 27 serikali ikaamuru kartiye 10 zihame kwa hofu kwamba magma iko chini ya mji na chini ya Ziwa Kivu. Wataalamu wenyewe hawakuwa na hakika. Uvumi ulikuwa mwingi kuliko habari. Hata hivyo watu walijitwika magodoro wakashika njia ya Sake, wengine Rutshuru, wengine wakavuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda. Ardhi iliyotikisika chini ya miguu iliwatosha. Mlipuko wa pili haukutokea, na kuanzia mwezi wa sita familia zikaanza kurejea nyumbani.