Jetman: Kwa nini kifo cha Gai bado kinawagawa mashabiki miaka zaidi ya 30 baadaye

Shujaa wa watoto ameokoa dunia nzima. Ameshinda majeshi kutoka ulimwengu mwingine, amepanda roboti kubwa kama ghorofa, na miaka mitatu baadaye anachomwa kisu mtaani na kibaka aliyepora mkoba wa mwanamke.

Hivyo ndivyo anavyokufa Gai Yuki, maarufu kama Black Condor, kwenye kipindi cha mwisho cha Choujin Sentai Jetman. Kipindi hicho kilirushwa na televisheni ya TV Asahi ya Japan Februari 1992, na mpaka leo mashabiki wa tamthilia za mashujaa wa Kijapani bado wanabishana. Kuna wanaosema ni mwisho bora kuwahi kuandikwa kwenye tamthilia za aina hii. Kuna wanaosema mwandishi alimuua mtu wao kwa jambo la kipuuzi.

Kama hujaiona na unapanga kuitafuta, basi jua kwamba hapa mwisho unatajwa bila kufichwa. Pengine umeshachelewa tayari.

Jetman ni nini hasa?

Kwa waliokua na Power Rangers, hii ni familia ileile. Power Rangers ya mwaka 1993 ilitengenezwa Marekani kwa kutumia picha za mapigano kutoka Zyuranger, tamthilia ya Kijapani ya mwaka 1992. Jetman ndiyo iliyoitangulia Zyuranger. Zote mbili ni za mfululizo wa Super Sentai, uliotengenezwa na kampuni ya Toei tangu mwaka 1975: timu ya watu watano, kila mmoja na rangi yake, wakipambana na wavamizi.

Jetman ilianza Februari 1991 na ilikuwa na vipindi 51. Mwandishi mkuu alikuwa Toshiki Inoue na mwongozaji mkuu Keita Amemiya, yule ambaye baadaye angetuletea Garo. Inoue si mgeni kwenye ukoo huu. Baba yake, Masaru Igami, alikuwa mwandishi wa Kamen Rider ya kwanza ya mwaka 1971. Yaani mtoto alirithi kazi ya baba, halafu akaanza kuibomoa nyumba kutoka ndani.

Timu iliyoundwa kwa bahati mbaya

Kwa kawaida timu za Sentai huundwa na watu waliochaguliwa: wanajeshi, ndugu wa damu, wanafunzi wa shule moja. Hapa mambo yanaharibika dakika za mwanzo tu.

Jeshi la Sky Force limegundua mawimbi yanayompa binadamu uwezo wa ndege. Mwanajeshi Ryu Tendo anapata nguvu hizo na kuwa Red Hawk. Kabla wenzake hawajapata, wavamizi wa Vyram wanashambulia kituo chao angani. Rie Aoi, mpenzi wa Ryu, anavutwa nje ya kituo mbele ya macho yake. Mawimbi yaliyobaki yanaanguka duniani na kuwapata watu wanne wasiokuwa na habari yoyote.

Mmoja ni Kaori, binti wa familia tajiri. Mwingine ni Raita, mkulima mnene mwenye miwani anayependa mboga zake kuliko vita. Ako ni mwanafunzi wa sekondari. Wa nne ni Gai: mpiga saksafoni, mtu wa baa, kamari na wanawake, asiyetaka kuamrishwa na yeyote.

Kamanda wao, Aya Odagiri, anabaki na kazi ya kuwashawishi raia hawa waende vitani. Gai anagoma. Ryu anamlazimisha. Wanashikana mashati. Na bifu lao haliishi kipindi cha pili kama ambavyo mtazamaji aliyezoea Sentai angetarajia. Linaendelea karibu mwaka mzima.

Mapenzi yaliyowachanganya watu

Gai anampenda Kaori. Kaori anampenda Ryu. Ryu anampenda Rie, ambaye anaamini amekufa. Lakini Rie hajafa. Amepoteza kumbukumbu na sasa ni Maria, mmoja wa makamanda wa Vyram, na kila wiki Ryu anapigana na mwanamke anayemlilia usiku.

Mwaka huohuo wa 1991 Japan ilikuwa kwenye homa ya tamthilia za mapenzi za vijana wa mjini, kama Tokyo Love Story ya Fuji TV. Ndiyo maana Jetman ilibandikwa jina la tamthilia ya mapenzi yenye mapigano. Kwa wengine ilikuwa sifa. Kwa wengine ilikuwa lawama: mtoto wa miaka sita anawasha televisheni aone roboti, anakuta watu wazima wanalia kwa sababu ya mapenzi.

Lawama hiyo ina uzito kiasi. Kuna vipindi ambamo jini la wiki linaonekana kama mgeni aliyekosea mlango, kwa sababu hadithi yenyewe ipo kwenye macho ya Kaori anapomtazama Ryu. Lakini kinachosahaulika ni kwamba mapenzi hayo hayakuwekwa pembeni kama pambo. Yanaamua vita. Ryu anapogundua Maria ni nani, anavunjika kabisa na timu inabaki bila kiongozi. Shujaa mwekundu, ambaye kwenye tamthilia nyingine angekunja ngumi na kusonga mbele, hapa anashindwa kufanya kazi.

Na hapo ndipo watazamaji wengi walibadili mawazo kuhusu Ryu. Mwanzoni alionekana mgumu, mtu wa kanuni, anayehubiri kwamba kazi ya jeshi inatangulia mambo binafsi. Kumbe alikuwa anajihubiria mwenyewe. Ukirudia kuangalia vipindi vya mwanzo ukijua hilo, kila hotuba yake inauma kidogo.

Mbona Kaori ndiye anayelaumiwa?

Tatizo ni Kaori. Ryu anapozama kwenye habari za Rie, Kaori anamgeukia Gai, na kwa muda wanakuwa pamoja. Kisha tofauti za maisha yao zinajitokeza. Gai ni mtu wa baa, Kaori ni wa jumba la kifahari, na mapenzi peke yake hayatoshi. Mwishoni anayevishwa pete na Ryu ni yeye.

Kuna mashabiki ambao hawajamsamehe mpaka leo. Kwao, Kaori ni mtu asiyejua anachotaka, aliyemtumia Gai kama kiti cha kupumzikia akisubiri Ryu apone.

Hukumu hiyo haina usawa. Gai mwenyewe anatambulishwa kwetu akiwa na wanawake, anamfuata Kaori akijua wazi moyo wake uko kwingine, na hakuna anayemwita kigeugeu. Anaitwa mwanaume wa nguvu. Kaori anafanya kile ambacho watu huwa wanafanya: anapenda asipopendwa, anachoka, anajaribu kwa anayempenda, inashindikana. Kama kuna mahali Inoue alikosea, ni kwamba uamuzi wa mwisho wa kurudi kwa Ryu tunaupata kama taarifa zaidi kuliko hadithi. Miaka mitatu inarukwa, tunakuta harusi. Mtazamaji aliyekaa naye vipindi 50 alistahili kuona njia iliyowafikisha hapo.

Raita na Ako ndio walioumizwa zaidi na mtindo huu. Wana vipindi vyao vizuri, vingi vya kuchekesha, lakini watatu wale wanapoanza kugombana, hawa wawili wanageuka watu wa kuamulia ugomvi. Malalamiko haya ni ya kweli na hayana utetezi mkubwa.

Maadui nao wana roho

Upande wa Vyram ndio unaowapatanisha mashabiki wote. Vyram haina mfalme wa kudumu. Radiguet, Tran, Grey na Maria wanagombania ukubwa, kila mmoja akitaka mwenzake aanguke.

Grey ni roboti. Anavuta sigara, anakunywa, anapenda muziki, na anampenda Maria bila kumdai chochote. Maria anapojeruhiwa vibaya na Radiguet na kumbukumbu za Rie zikiwa zimemrudia, ni Grey anayemchukua na kuondoka naye, ili Ryu asishuhudie mwisho wake. Baadaye Grey anapigana na Gai, wawili hao peke yao, na baada ya kushindwa anamwomba aende zake, hataki kuonekana akifa. Gai anamwashia sigara na kuondoka. Mashine na mhuni, wote wawili walimpenda mwanamke ambaye hakuwa wao. Hakuna anayelisema hilo kwa sauti, na ndiyo maana linafanya kazi.

Tran naye ni hadithi ya kutisha. Anaanza kama mtoto anayedharauliwa, kisha hasira inamkuza ghafla kuwa Tranza, mtawala wa kikatili aliyewapigisha magoti wote. Anapoanguka, Radiguet hamuui. Anamharibu akili na kumwacha hospitalini kama mgonjwa asiyejua hata yeye ni nani. Watu wazima wanaoangalia leo hukiri kwamba hilo lilikuwa kali kuliko kifo chochote. Kilikuwa kipindi cha watoto, kumbuka.

Siku ya harusi

Tunarudi kwenye kibaka. Gai anatoka kununua maua ya harusi. Anaona mwanamke akiporwa mkoba, anamzuia mwizi, anachomwa kisu. Anafika kanisani amechelewa, maua mkononi. Hamwambii mtu kilichotokea. Anakaa kwenye benchi, anawatazama wenzake wakifurahi, anaitazama anga ya buluu, na anakata roho pale.

Upande mmoja unauliza: mtu aliyepigana na majini anashindwaje na mwizi wa mkoba? Na kwa nini hakwenda hospitali? Kwao hii ni huzuni ya kulazimisha, mwandishi kutaka machozi kwa nguvu.

Upande wa pili unajibu kwamba hilo ndilo lenyewe. Gai wa kipindi cha kwanza asingegeuka kumsaidia mtu asiyemjua. Alisema wazi kwamba dunia haimhusu. Gai wa mwisho hana sare, hana silaha, hakuna anayemtazama, na bado anageuka. Kwa hesabu hiyo, hapo ndipo alipokuwa shujaa kamili, na kukaa kimya kwenye benchi ni zawadi yake kwa Ryu na Kaori: siku yao isiharibike.

Hoja ya pili ina nguvu zaidi, ingawa hailijibu swali la hospitali. Labda jibu ni kwamba Gai alikuwa na kiburi mpaka dakika ya mwisho. Waandishi wengi wangemtakasa kwanza ndipo wamuue. Inoue alimwacha na ubishi wake.

Ubishi mwingine, mdogo lakini mtamu, ni kama Ryu aligundua. Wanazungumza kwa muda mfupi pale nje, na sura ya Ryu inasomeka vyovyote unavyotaka. Ukiamini aliona, basi na yeye alikubali kumwachia rafiki yake uamuzi huo. Ukiamini hakuona, inauma kwa namna nyingine.

Gai anarudi

Mwaka 2011 Toei walitengeneza Gokaiger, tamthilia ya kuadhimisha Sentai zote zilizopita, na mashujaa wa zamani walikuwa wakirudi mmoja mmoja. Ilipofika zamu ya Jetman, kipindi cha 28, walimwita Inoue mwenyewe aandike, na Toshihide Wakamatsu akarudi kuwa Gai.

Ilikuwa rahisi kumfufua. Shabiki angeshangilia na kusahau. Lakini Inoue alimleta kama alivyo, mtu aliyekwisha kufa, mwenye koti na majivuno yaleyale, na hakufuta lolote lililotokea pale kanisani. Waliokuwa watoto mwaka 1992 walikuwa sasa na watoto wao sebuleni, wakilazimika kueleza kwa nini baba analia mbele ya kipindi cha maharamia.

Amerika Kaskazini, Jetman ilikaa miaka mingi bila njia rasmi ya kuipata. Mwaka 2018 kampuni ya Shout! Factory iliitoa huko kwa DVD, na mabishano yakapata kizazi kipya ambacho kilikuwa hakijazaliwa wakati Gai anakaa kwenye lile benchi.

Inoue aliendelea na mtindo wake. Aliandika vipindi vyote vya Kamen Rider 555 mwaka 2003, ambako nusu ya matatizo yanatokea kwa sababu wahusika hawakuambiana ukweli mapema. Kisha mwaka 2022 akarudi Sentai na Donbrothers, timu ambayo wanachama wake kwa muda mrefu hawajui wenzao ni akina nani. Humo mmoja wa mashujaa ni mtu anayesakwa na polisi. Safari hii watazamaji walicheka zaidi kuliko kulia, lakini kila wiki swali lilikuwa lilelile: je, huyu jamaa atamuua nani mwishoni?