Nyasi za Ng'ombe Mlangoni pa Bwana

Mteja akinijia kutaka kiwanja cha kijani mbele ya nyumba yake, hapa Nairobi, husema anataka kitu cha kizungu. Namuuzia magunia ya nyasi za Kikuyu, ananilipa na kushukuru. Uzungu wa hapo ni ule ukataji tu. Nyasi zenyewe ni wenyeji wa nyanda hizi za juu.

Huko Uingereza, kiwanja kilichonyolewa kilikuwa fahari ya mabwana wenye uwezo wa kulipa watu wa kufyeka au kuweka kundi la kondoo. Mwaka 1830 Edwin Budding, fundi wa Stroud, akapata hataza ya mashine ya kukatia nyasi, wazo alilolitoa kwenye mashine za kiwandani za kunyoa manyoya ya kitambaa. Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, walowezi walikuja na desturi hiyo ikiwa imeshakomaa.

Nyasi walizikuta. Zilimea pembezoni mwa misitu, kwenye udongo mwekundu wenye rutuba, zikiliwa na ng'ombe na mbuzi kila siku. Mwitalia Emilio Chiovenda ndiye aliyechapisha rasmi jina lake la kisayansi mwaka 1903: "clandestinum", kwa kuwa maua yake hujificha ndani ya ala ya jani. Siku chache baada ya kukata, amka mapema uiname: utaona nyuzi nyeupe, nyembamba kama za buibui, zimechomoza juu ya majani. Hiyo ndiyo sehemu ya ua inayojitokeza. Jua likipanda, zinanyauka.

Zikasafiri pia. Australia zilifika mwaka 1919, mbegu zikitoka Kongo ya Wabelgiji. California zilipelekwa kuzuia mmomonyoko, zikageuka magugu. Leo sheria ya Marekani inazihesabu kati ya mimea haribifu, ilhali uwanja wa gofu wa Riviera, Los Angeles, unazijivunia.

Kuzipanda si kazi ngumu. Kabla ya mvua za Machi ng'oa magugu yote ya sangari, hata kipande cha mzizi mweupe kisibaki, maana hicho kitakuaibisha mwezi wa pili baada ya kupanda. Changanya samadi iliyooza. Laza vikonyo kwenye vijifereji vilivyoachana shubiri moja, ncha zikichungulia, kisha kanyaga kwa miguu. Kila kifundo kinachogusa udongo kitatoa mizizi.

Kazi huanza zikishashika. Ukizisahau zinapandana zenyewe kwa zenyewe mpaka zinakuwa godoro: juu kijani, chini vijiti vikavu. Ukija kulikata ghafla, kiwanja kinabaki na mabaka ya kahawia kwa wiki kadhaa. Mimi naona sababu ni malezi. Hizi zililelewa na meno ya ng'ombe, na asipokuwepo ng'ombe lazima mtu ashike zamu yake. Enzi ya ukoloni zamu hiyo walipewa vijana wenye fyekeo, wakipiga kulia na kushoto tangu umande haujakauka. Tukisimulia bustani za kale za Nairobi, huwa tunawataja wenye nyumba.

Mteja wangu mmoja wa Limuru aliuza mashine yake, akaazima ndama wa jirani. Kiwanja hakijanyooka, na wageni hutazama wanapokanyaga, lakini samadi hanunui tena.