Utumbo mfupi na utumbo kufeli: Fahamu tofauti yake

Anakula vizuri, lakini anazidi kukonda, anaharisha na kiu haiishi. Kwa mtu aliyekatwa sehemu kubwa ya utumbo, shida huwa sio chakula. Shida ni kwamba sehemu ya kukifyonza imepungua.

Utumbo mfupi ni nini?

Utumbo mwembamba wa mtu mzima huwa na urefu wa mita 3 hadi 8. Ukibaki chini ya mita 2, madaktari huita hali hiyo utumbo mfupi. Mara nyingi hutokana na upasuaji, baada ya utumbo kujisokota, kukosa damu au kuharibiwa na ugonjwa wa Crohn. Baadhi ya watoto njiti pia hukatwa sehemu ya utumbo iliyokufa.

Kuna makundi matatu:

- Utumbo unaishia kwenye tundu la tumboni na choo hutoka kwenye mfuko.
- Sehemu ya juu ya utumbo mwembamba imeungwa moja kwa moja na utumbo mpana.
- Mwisho wa utumbo mwembamba umebaki, pamoja na utumbo mpana wote.

Kundi la kwanza ndilo hupoteza maji na chumvi nyingi zaidi.

Utumbo kufeli je?

Hapa kipimo sio urefu, ni kazi. Utumbo umefeli pale mgonjwa anapohitaji virutubisho au maji kupitia mshipa ili abaki na afya. Mwenye utumbo mfupi anayejitosheleza kwa mdomo hajafika huko. Na mwenye utumbo mrefu anaweza kufika, mfano ukiziba.

Mwongozo wa wataalamu wa lishe tiba wa Ulaya wa mwaka 2015 unataja aina tatu:

- Ya kwanza: ya muda mfupi, huisha yenyewe, hasa baada ya upasuaji wa tumbo.
- Ya pili: wiki au miezi, mgonjwa hali yake haijatulia.
- Ya tatu: miezi au miaka, hali imetulia lakini dripu bado inahitajika.

Kwa nini ujue?

Kwa mwenye tundu, kunywa maji matupu mengi kunaweza kumkausha zaidi, kwani huvuta chumvi na kutoka nayo. Madaktari humpa mchanganyiko maalumu wa maji, chumvi na sukari.

Habari njema ni kwamba utumbo uliobaki hujifunza kufyonza zaidi, hasa ndani ya miaka miwili ya mwanzo. Wapo wanaoachana kabisa na dripu.