Eliya Chini ya Mretemu

Kila nifikapo Bagamoyo huenda Misheni, kwenye mnara wa kanisa la zamani. Hapo ndipo ulipolazwa mwili wa David Livingstone tarehe 24 Februari 1874, kabla ya kuvushwa kwenda Unguja. Chuma, Susi na wenzao waliubeba tangu kijiji cha Chitambo, katika Zambia ya leo, alikofia Mei 1873.

Nilipokuwa mwalimu kijana nilisimulia habari hizi kama ngano za majabari wasiochoka wala kukosea. Habari za manabii nilizifundisha vivyo hivyo. Nilidhani udhaifu wao ukitajwa, imani ya wanafunzi itapungua.

Kisha ikafika zamu yangu. Mwaka mmoja, nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu, chakula kilikwisha ghalani, na wanachuo wakagoma kuingia madarasani. Kwa kuogopa kuonekana dhaifu, nilimfukuza kijana mmoja kuwa ndiye kiongozi wao. Jioni ile nikapata hakika kwamba hakuwa na kosa. Nilijifungia ofisini, nikaanza kuandika barua ya kujiuzulu.

Mpishi wetu, mzee Mwislamu, alibisha hodi akaingia na sahani ya ugali na dagaa. Akasema, “Mwalimu, kula kwanza. Barua haina miguu, haitakimbia.”

Nilipokuwa nakula nilimkumbuka Eliya. Baada ya ushindi wake juu ya mlima Karmeli, alitishwa na Yezebeli akakimbilia jangwani, akaketi chini ya mretemu na kuomba afe. Malaika hakumkemea. Alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale, kisha akamlisha mara ya pili. Maswali yalimngoja mlimani Horebu, na kazi mpya pia. Hata Musa, alipoelemewa na mzigo wa watu, aliomba kufa. Walioandika Maandiko hawakuyaficha hayo; mimi ndiye niliyeyaficha, nikawanyima wanafunzi wangu faraja.

Na Livingstone je? Mwaka 1848 alimbatiza Sechele, mtawala wa Wakwena katika Botswana ya leo. Haukupita mwaka, Sechele akarudiana na mmoja wa wake aliokuwa amewaacha, na Livingstone akamtenga na meza ya Bwana kwa huzuni kubwa. Lakini Sechele hakuiacha Biblia; aliendelea kuwafundisha watu wake miaka mingi baada ya Livingstone kuondoka.

Asubuhi niliichana barua. Nilikwenda nyumbani kwa kijana yule nikamwomba radhi mbele ya baba yake, naye akarudi chuoni. Msomaji wangu, heshima niliyohofia kuipoteza haikupungua. Tangu hapo, mwalimu kijana akinijia amekata tamaa, humkaribisha chakula kwanza. Kisha humsomea habari za Eliya, pamoja na ule ukurasa wa mretemu.