Mtumishi akikosa kupandishwa cheo: Njia za kuomba kufikiriwa upya Handeni na Korogwe

Na Mwandishi Wetu

BARUA ya kupandishwa cheo ni karatasi moja tu. Lakini kwa mtumishi wa umma aliyekaa miaka mingi katika ofisi ya kata, zahanati au lango la hifadhi, karatasi hiyo ndiyo inayoamua mshahara wake wa mwezi, kiasi cha mkopo ambacho benki itakubali kumpa na, mwisho wa safari, pensheni atakayoishi nayo uzeeni. Anayeona wenzake walioajiriwa naye siku moja wamepanda naye amebaki pale pale, hawezi kuambiwa avute subira bila kuelezwa sababu.

Makala haya yanaeleza nini mtumishi wa aina hiyo anaweza kufanya, hasa aliyeko katika wilaya za Handeni na Korogwe mkoani Tanga. Wilaya hizo zina halmashauri nne, yaani Halmashauri ya Wilaya na ya Mji kwa kila upande, mbali na taasisi za Serikali Kuu, shule, hifadhi na vikosi. Njia ya kudai haki si moja kwa wote, na wapo wanaopoteza muda kwa kubisha hodi mlango usio wao.

Tuchukue mfano wa maofisa kilimo wawili wa kufikirika, walioajiriwa tarehe moja mwaka 2012, mmoja Handeni na mwingine Korogwe, miji inayotenganishwa na barabara ya lami ya kilometa 65. Wote wawili walistahili kupanda mwaka 2016. Mwajiri wa kwanza aliwahi, barua ikatoka mapema na mshahara ukabadilishwa. Majalada ya ofisi ya pili yalikuwa bado yanasubiri ilipofika Juni 2016.

Mwezi huo Serikali ilisitisha ajira mpya na upandishaji wa vyeo ili kupisha uhakiki wa watumishi hewa na vyeti. Aprili 28, 2017, mjini Dodoma, Rais John Magufuli alikabidhiwa taarifa iliyotaja watumishi 9,932 waliokuwa na vyeti vya kughushi. Wasio na kosa lolote nao walisubiri. Upandishaji ulirejea kidogo kidogo, na katika sherehe za Mei Mosi mwaka 2021 jijini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan aliahidi kuwa watumishi waliokwama wangepandishwa. Kufikia hapo, yule wa kwanza katika mfano wetu alikuwa akikaribia hatua nyingine, huku mwenzake akingoja ile ya mwanzo.

Pengo hilo ndilo lililozaa neno lililozoeleka sana katika masijala za halmashauri, 'mserereko'. Maana yake ni kumpandisha mtumishi aliyecheleweshwa hadi kwenye cheo ambacho angekuwa nacho kama asingezuiwa, bila kumtaka aanze kuhesabu upya miaka katika kila ngazi. Hata hivyo, mserereko unahitaji kibali na bajeti, na asiyeingizwa katika orodha ya mwajiri wake hawezi kufikiwa nao.

Nini kinachoangaliwa

Ni vema ieleweke mapema kwamba kupandishwa cheo si jambo linalokuja lenyewe kwa kupita kwa miaka. Sheria ya Utumishi wa Umma Na. 8 ya mwaka 2002, pamoja na kanuni zake, imejengwa juu ya msingi wa sifa na utendaji. Mtumishi anatakiwa awe amethibitishwa kazini, awe na elimu inayotajwa katika muundo wa maendeleo ya utumishi wa kada yake, awe ametumikia cheo alichonacho kwa muda uliowekwa (miundo mingi huweka miaka mitatu), na tathmini ya kazi yake iwe nzuri. Juu ya hayo, nafasi yenyewe iwe imetengwa katika ikama na bajeti ya mishahara ya mwaka huo wa fedha.

Kipengele cha tathmini ndicho kilichowaponza wengi. Mfumo wa wazi wa mapitio na tathmini ya utendaji kazi, uliojulikana zaidi kwa jina la OPRAS, ulianza mwaka 2004. Kwa miaka mingi fomu zake zilijazwa mwishoni mwa mwaka kama desturi, pengine kwa siku moja, mkuu na msaidizi wake wakikubaliana alama bila mazungumzo yoyote ya maana. Wengine hawakujaza kabisa. Mfumo wa kielektroniki wa PEPMIS ulioingia kuanzia mwaka wa fedha 2023/24 umeziba sehemu ya mwanya huo, kwani kazi huingizwa na kupimwa kadiri inavyofanyika. Lakini mtumishi anayedai kwamba alirukwa mwaka 2018 atalazimika kuonyesha fomu za karatasi za wakati ule.

Kitu cha pili ni tange. Hii ni orodha ambayo kila mwajiri huandaa, ikiwapanga watumishi wa kada moja kwa ukubwa wa vyeo, tarehe za kuajiriwa, za kuthibitishwa na za kupanda mara ya mwisho. Tange ikiwa na kosa, hata la tarehe moja, mtu hurukwa bila yeyote kumkusudia ubaya. Handeni ni mfano mzuri wa jinsi kosa hilo linavyoweza kuingia. Wilaya ya Kilindi ilimegwa kutoka humo mwaka 2002, baadaye ikazaliwa Halmashauri ya Mji wa Handeni. Kila mgawanyo wa aina hiyo huhamisha watu na majalada yao, na jalada linaweza kuchelewa kumfuata mwenyewe, au kufika likiwa pungufu.

Hatua ya kwanza ni kwa mwajiri

Kwa hiyo, kabla ya kulalamika, mtumishi aulize sababu. Zipo tofauti kubwa kati ya aliyekosa kwa kuwa cheti chake cha mafunzo hakimo jaladani, aliyekosa kwa kuwa nafasi haikutengwa, aliyezuiwa na shauri la nidhamu lisilokwisha, na aliyerukwa wakati walio chini yake katika tange wamepanda. Huyu wa mwisho ndiye mwenye hoja nzito kuliko wote. Wa kwanza anahitaji tu kupeleka nakala ya cheti na kuomba aingizwe katika bajeti inayofuata.

Ombi la kufikiriwa upya huandikwa kwa mwajiri, ambaye katika halmashauri ni Mkurugenzi Mtendaji, na hupitia kwa mkuu wa idara ya mwombaji. Barua iwe fupi. Itaje tarehe ya kuajiriwa, ya kuthibitishwa na ya kupanda mara ya mwisho, cheo kinachoombwa kwa jina lake kamili kama lilivyo katika muundo, na kumbukumbu namba ya barua zote zilizotangulia. Viambatishwe vyeti, fomu za tathmini na barua za ajira. Nakala moja igongwe mhuri wa kupokelewa masijala na ibaki kwa mwombaji, kwa sababu siku ya kuhesabu muda itakapofika, mhuri huo ndio utakaosema lini alianza kudai.

Jambo moja linafaa kusemwa wazi. Mazoea ya kumsubiri Mkuu wa Wilaya, mbunge au waziri kwenye mkutano wa hadhara na kumweleza kero ya cheo mbele ya umati yana faida ndogo. Viongozi hao wanaweza kuuliza na kuhimiza, lakini hawaandai tange wala hawasaini barua ya kupandisha. Chama cha wafanyakazi, kwa mfano TALGWU kwa watumishi wa serikali za mitaa, pamoja na baraza la wafanyakazi, vina nafasi bora zaidi ya kulifuatilia suala linalowagusa watu wengi kwa pamoja.

Tume, kisha Mahakama

Mwajiri akikataa au akinyamaza, mlango unaofuata ni Tume ya Utumishi wa Umma. Hapa kuna tofauti ambayo wengi huichanganya. Rufaa, kwa maana yake kamili, ni dhidi ya uamuzi wa mamlaka ya nidhamu, kama vile kufukuzwa au kushushwa cheo, na inapaswa kuwasilishwa ndani ya siku 45. Kutopandishwa cheo kwa kawaida hakuna uamuzi wa nidhamu ndani yake, hivyo huwasilishwa kama lalamiko. Lakini pale ambapo mwajiri amejibu kwa barua kwamba mtumishi hapandi kwa sababu ya kosa fulani, ni busara kuhesabu siku 45 tangu barua hiyo ipokelewe na kutozidisha. Asiyeridhika na uamuzi wa Tume huweza kukata rufaa kwa Rais, na uamuzi wa Rais ndio wa mwisho katika ngazi hiyo.

Walimu, ambao ni wengi kuliko kada nyingine katika halmashauri zote nne, wana njia yao. Sheria Na. 25 ya mwaka 2015 iliunda Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoanza kazi mwaka 2016 ikiwa na ofisi hadi wilayani. Mwalimu wa Mombo au Kabuku huanzia katika ofisi hiyo ya wilaya.

Wapo wanaokimbilia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, chombo cha migogoro ya kazi. Tangu marekebisho ya mwaka 2016 yalipoingiza kifungu cha 32A katika Sheria ya Utumishi wa Umma, mtumishi anatakiwa kwanza amalize njia zote zilizomo ndani ya sheria hiyo. Mwaka 2022 Mahakama ya Rufani, katika shauri lililolihusu Shirika la Posta, ililisisitiza sharti hilo. Aliyeanzia pasipo pake anaweza kushinda kwa miaka kadhaa, halafu ushindi wote ukafutwa kwa hoja ya mamlaka.

Baada ya ngazi hizo, inabaki Mahakama Kuu, ambayo ina kanda Tanga. Mahakama haikai kupima nani alikuwa mchapakazi zaidi. Inaangalia kama utaratibu ulifuatwa, kama mtu alisikilizwa, kama mamlaka ilizingatia mambo iliyopaswa kuzingatia. Msingi wake ni ibara ya 13(6) ya Katiba, inayotoa haki ya kusikilizwa kikamilifu na ya kukata rufaa au kupata nafuu nyingine. Kibali cha kufungua maombi ya aina hiyo huombwa ndani ya miezi sita tangu uamuzi unaolalamikiwa.

Upo pia mlango wa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyoanza mwaka 2001 kurithi Tume ya Kudumu ya Uchunguzi ya mwaka 1966. Hapa Tanga ina la kujivunia. Mwenyekiti wa kwanza wa tume ile ya 1966 alikuwa Chifu Erasto Mang'enya, Mbondei wa mkoa huu, aliyekuja kuwa Spika wa Bunge kati ya mwaka 1973 na 1975. Wajumbe wake walizunguka mikoani kusikiliza wananchi, na kero za kazi zilikuwa miongoni mwa walizopelekewa. Mang'enya aliijua adha hiyo kwa kuiishi. Alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, na kumbukumbu zake za utumishi huo zilichapishwa mwaka 1984 katika kitabu Discipline and Tears. Mwaka 1948 Tume ya Holmes ilikuwa imependekeza Mwafrika alipwe tatu ya tano ya mshahara wa Mzungu, hata kama kazi na sifa ni zile zile. Tume ya leo, kama ile ya Mang'enya, huchunguza na kupendekeza. Haitoi barua ya cheo.

Hifadhi na majeshi

Maofisa wa hifadhi wamepitia mabadiliko makubwa zaidi. Mkomazi, iliyokuwa pori la akiba tangu mwaka 1951, ikawa hifadhi ya taifa mwaka 2008, na hivyo ikatoka mikononi mwa Idara ya Wanyamapori kwenda TANAPA. Mapori ya akiba yaliyobaki yakaja kusimamiwa na TAWA, iliyoanza kazi mwaka 2016. Mwaka 2020 sheria ikaunda Jeshi la Uhifadhi linalojumuisha TANAPA, TAWA, TFS na Mamlaka ya Ngorongoro, na vyeo vya kiraia vikageuzwa kuwa vya kijeshi. Ofisa aliyeajiriwa chini ya muundo wa zamani na akajikuta katika cheo kisicholingana na miaka yake anapaswa kwanza kuomba aonyeshwe jinsi cheo chake cha awali kilivyotafsiriwa kuwa hiki cha sasa. Lalamiko lake hupanda kwa mkuu wake wa kituo, kwa kufuata kanuni za jeshi hilo.

Kwa wanajeshi, wakiwemo wa kikosi cha JKT Mgambo, 835 KJ, kilichoko Handeni, Tume ya Utumishi wa Umma si mahali pao. Malalamiko hufuata ngazi za amri, na mamlaka juu ya uteuzi wa viongozi wa majeshi yametajwa katika ibara ya 148 ya Katiba. Askari wa mgambo waliohitimu mafunzo vijijini wao hawamo katika tange ya mwajiri yeyote kwa sababu tu ya mafunzo hayo. Wanaodai cheo au ajira kwa msingi huo huwa hawana pa kukata rufaa.

Kwa atakayefanikiwa, kazi moja bado ipo. Asome tarehe katika barua yake mpya. Cheo kinachoanza siku ya kusainiwa kwa barua hakirudishi miaka iliyopotea, wakati kinachoanza tarehe aliyostahili huambatana na madai ya malimbikizo ya mshahara. Kama tarehe iliyoandikwa si ile aliyoidai, alijibu hilo kwa maandishi mapema, kabla ya kukaribia miaka 60 ya kustaafu kwa lazima, kwani mshahara wa miaka ya mwishoni ndio unaoingia katika ukokotoaji wa pensheni.