Msiba wa Magufuli Kanda ya Ziwa: maombolezo, ukimya na hukumu iliyogawanyika

Kifo cha Rais John Pombe Magufuli, kilichotangazwa usiku wa tarehe 17 Machi 2021 na aliyekuwa Makamu wa Rais, Samia Suluhu Hassan, kilikuwa cha kwanza kumkuta rais wa Tanzania akiwa madarakani. Kwa wakazi wa Mwanza na mwambao wa Ziwa Victoria msiba huo wa kitaifa ulikuwa pia msiba wa nyumbani, kwa kuwa marehemu alizaliwa Chato mwaka 1959, alisoma Shule ya Sekondari ya Lake jijini Mwanza, alifundisha Sengerema, na kabla ya kuingia bungeni mwaka 1995 alikuwa mkemia wa Chama Kikuu cha Ushirika cha Nyanza, chombo cha wakulima wa pamba wa kanda hiyo.

Mwili wake, baada ya kuagwa Dar es Salaam, Dodoma na Zanzibar, uliwasili Mwanza tarehe 24 Machi na kupelekwa katika uwanja wa CCM Kirumba, kisha ukasafirishwa kwa barabara kupitia Sengerema na Geita hadi Chato, ambako alizikwa tarehe 26. Umati uliojipanga barabarani ulikuwa mkubwa mno, na hamu ya kumuaga ilikuwa kali kiasi kwamba tarehe 21 Machi, katika uwanja wa Uhuru jijini Dar es Salaam, watu 45 walipoteza maisha kwa kukanyagana. Huzuni ya namna hiyo haiwezi kuelezwa kwa ukabila peke yake, wala kwa madai kwamba watu walikusanywa kwa amri.

Chanzo kimoja cha huzuni hiyo ni cha Mwanza hasa. Mwezi Desemba 2016, wakati mamlaka za jiji zilipokuwa zikiwaondoa machinga, yaani wachuuzi wadogo wanaopanga bidhaa kandokando ya barabara, rais aliagiza wasibughudhiwe mpaka watakapotengewa maeneo yanayofaa, na miaka miwili baadaye serikali yake ikaanzisha vitambulisho vya wajasiriamali wadogo vilivyolipiwa shilingi 20,000. Kwa mtu aliyezoea kukimbizana na mgambo na kunyang'anywa mtaji wake wote kwa asubuhi moja, amri ile ilikuwa na uzito kuliko hotuba yoyote ya uchumi, na ndiyo maana sifa ya "mtetezi wa wanyonge" ilikubalika miongoni mwa wachuuzi kama maelezo ya jambo walilolishuhudia.

Hata hivyo, mkono uleule uliomkinga mchuuzi ulimwangukia mvuvi. Mwaka 2018 Operesheni Sangara, iliyopewa jina la samaki mkubwa anayebeba biashara ya minofu ya kuuzwa nje, iliendeshwa ziwani dhidi ya uvuvi haramu, na nyavu zilizokatazwa, yakiwemo makokoro, yaani nyavu ndefu za kukokota hadi ufukweni zinazozoa samaki wachanga, zilikusanywa na kuchomwa moto, huku wamiliki wakitozwa faini nzito. Kusudi la kulinda ziwa lilikuwa la haki. Lakini utekelezaji wake ulizifilisi familia ambazo hazikuwa na chombo kingine cha kujipatia riziki, na malalamiko yaliyosikika katika mialo, yaani bandari ndogo za wavuvi, yalikuwa malalamiko ya raia halali wenye hoja.

Mtu anayeusoma umati wa Kirumba kama kura ya nchi nzima anasahau kwamba mwenye kinyongo haendi msibani kukitangaza. Mila za kanda hii, kama zilivyo za Watanzania wengi, humzuia mtu kumsema vibaya marehemu kabla matanga hayajaanuliwa, lakini mwaka 2021 kulikuwa pia na hofu: mikutano ya hadhara ya vyama ilikuwa imezuiwa tangu 2016, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ilikuwa imewafikisha wengi mahakamani, na katika siku zilizotangulia tangazo la kifo watu kadhaa walikamatwa kwa kueneza habari za ugonjwa wa rais, ilhali tarehe 12 Machi Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikuwa ameuhakikishia umma kuwa kiongozi huyo ni mzima na anachapa kazi. Serikali ilitaja maradhi ya moyo. Tundu Lissu, mwanasiasa wa upinzani aliyepigwa risasi Dodoma mwaka 2017 na wakati huo akiishi Ubelgiji, alidai sababu ilikuwa korona. Aliyoyasema Lissu akiwa uhamishoni yaliwaudhi waombolezaji wengi, lakini kumtaka mtu wa majeraha yale aomboleze kama wengine ni kumdai kisichodaika.

Mabishano hayakuzikwa Chato. Mwishoni mwa 2021 serikali mpya iliwaondoa machinga kandokando ya barabara za miji, Mwanza ikiwemo, na kuwapeleka katika maeneo maalumu, na wachuuzi wakamkumbuka marehemu kwa uchungu mpya. Wale wanaomtetea wana hoja nyingine tangu tarehe 19 Juni 2025, lilipozinduliwa daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita tatu na linalobeba jina lake, juu ya ghuba ambayo wagonjwa wa Sengerema na Geita walilazimika kusubiri kivuko kuivuka. Familia za waliokamatwa au kutoweka katika miaka ile, kwa upande wao, bado hazijapewa uchunguzi wa wazi unaozistahili.